Mbegu za Mama Mbonigaba

Sebahire alizaliwa kwenye kilima cha Kabingo, juu ya Kibabi, katika nyumba aliyoijenga babu yake kabla Wazungu hawajafika kuwaandika watu wa Masisi. Hakuwa mtu wa kusimuliwa. Alilima maharage na mihogo kama majirani zake, Jumapili alisali, na akinywa pombe ya ndizi alizidi kunyamaza wakati wenzake walizidi kusema. Kilichomtofautisha ni shingo. Wakati wa vita vya Wazungu, vijana wa vilimani walipotolewa kubeba mizigo ya serikali na ya wenye mashamba makubwa, Sebahire alibeba kila kitu kinachoweza kukaa kichwani: magunia ya pareto, masanduku ya misumari, siku moja hata kiti cha mke wa Mzungu, na mbwa wake mdogo amelala juu ya kiti. Shingo ikawa nene kama ya fahali. Kabingo wakiwa na mzigo uliowashinda walisema tu, muite Sebahire. Naye alikuja, akaweka ngata yake ya majani ya mgomba, akainama, akainuka, akaenda.

Mke wake aliletwa na njaa.

Ilikuwa mwaka wa 1944. Ng'ambo, Rwanda, mvua ilikuwa imekataa, viazi vimeoza ardhini, na watu waliobakiwa na nguvu za kutembea walivuka kuja upande wa Masisi. Walipita juu ya migongo ya vilima mmoja mmoja, wameachana, maana mwenye njaa hana mwendo wa kumngojea mwenzake. Mwalimu wa dini wa Kabingo, mukatekista Papa Védaste, alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba kila mama apike chungu kimoja zaidi ya vile vya nyumba yake. Hakuna aliyekuwa na akiba ya kujivunia. Lakini vyungu vilipikwa, vikapangwa mbele ya kanisa la nyasi, na wageni wakapewa uji wa mtama.

Sebahire ndiye aliyebeba maji ya kupikia. Akamwona msichana aliyejifunga kipande cha nguo, amepokea kibuyu cha uji kwa mikono miwili. Alikunywa nusu. Halafu akageuka akampa bibi kizee aliyesimama nyuma yake. Mama yake Sebahire, aliyekuwa akigawa, akamwuliza kama yule ni nyanya yake. Msichana akajibu kwamba hamjui, ila hajanywa bado.

Jina lake lilikuwa Adelaïde. Wazazi wake walibaki njiani, mama upande ule wa mpaka, baba upande huu. Mama yake Sebahire alimwingiza nyumbani akamlaza karibu na moto. Mwili wake uliporudi, na watu walipozoea kusikia kicheko chake huko mtoni, Sebahire alikwenda kwa Papa Védaste kusema kwamba anataka kuoa. Papa Védaste alimwuliza nani. Alipoambiwa, alicheka, akasema kilima kizima kilikuwa kinajua, isipokuwa Sebahire mwenyewe.

Wakazaa mtoto wa kiume, wakamwita Mbonigaba, na baadaye wa kike, Anne. Tangu hapo mume na mke wakaitana kwa jina la mtoto kama wazazi wote wa vilimani: Papa Mbonigaba, Mama Mbonigaba. Walijenga upande wa chini wa Kabingo, mahali ambapo udongo ulikuwa mweusi na maji hayakuwa mbali. Shamba liliwapokea vizuri. Adelaïde alikuwa na mkono wa maharage. Mbegu zake hakuzitenganisha. Alichanganya nyekundu, za manjano, na zile nyeusi zenye madoa meupe, akisema kwamba mvua ikizidi hizi zitabaki, jua likizidi zile zitabaki, na Mungu hatakosa ya kumpa.

Tabia moja tu ya mke wake ilimchosha Sebahire. Mpita njia hakupita mlango wao bila kula. Wachuuzi wa chumvi, wachunga ng'ombe waliokuwa wakielekea Kitshanga, wapagazi waliolala nje, wote walijua nyumba ile. Mara nyingine Sebahire alirudi shambani akakuta chungu kimefutwa hadi chini, akanung'unika kwamba hii si misheni. Adelaïde alimpikia tena bila maneno. Akiwa na furaha alimwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa mpita njia, na kama mama mkwe wake angefikiri hivyo, Mbonigaba angekuwa mtoto wa nani?

Mwaka wa 1952 mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa hasira. Zilinyesha mchana, zikapumzika kidogo, zikanyesha tena. Mihogo ilianza kuoza ikiwa bado ardhini. Jumapili moja, baada ya sala, Papa Védaste alisimama akatoa habari zilizoletwa na wapagazi kutoka Walikale. Mto Oso ulikuwa umeacha njia yake. Kijiji kimoja kiitwacho Lubonga, kule chini mwituni, kilibebwa chote: nyumba, migomba, mbuzi, na watu wengi waliokuwa wamelala. Waliobaki walikuwa wamekaa juu ya kilima kidogo wakila mizizi. Papa Védaste hakuhubiri. Alisema tu kwamba wengi waliomo kanisani humu wanakumbuka uji wa 1944, walioupika na waliounywa.

Mchana ule watu wakaanza kuleta. Aliyekuwa na mihogo mikavu alileta mihogo, mwingine akaleta jembe la zamani, mwingine blanketi lenye tundu. Mama Mukashema, mjane asiyekuwa na kitu, alileta vyungu viwili na kuomba radhi kwamba ni vitupu. Adelaïde alikwenda kwenye dari, akateremsha kikapu cha mbegu, akaanza kugawa katikati.

Sebahire alimkuta amepiga magoti mbele ya vikapu viwili.

"Mbegu hapana," akasema. "Wape mihogo. Wape hata blanketi yangu. Mbegu njo musimu wenyewe."

"Mihogo watakula leo, kesho njaa itawakuta pale pale," Adelaïde akajibu bila kuinua kichwa. "Muntu mwenye maji ilibeba shamba yake hana haja ya kula tu, Papa Mbonigaba. Iko na haja ya kupanda."

"Na siye tutapanda nini?"

"Nusu inabakia. Tutapanda kidogo, tutakula kidogo. Weye hauijue njaa. Miye naijua. Hii tutakuwa nayo haiko njaa."

Ni kweli, Sebahire hakuijua. Akatafuta sababu nyingine, na aliipata, kwa kuwa ilikuwepo. Nyuma ya nyumba, pale kilima kilipoinuka, maji yalikuwa yameanza kutoka kwenye udongo ambapo hapakuwa na chemchemi. Asubuhi alikuwa ameona ufa mwembamba kwenye majani, mrefu kama kamba ya kufungia ng'ombe.

"Maji iko inatoka nyuma ya nyumba," akasema. "Acha nichimbe mufereji kwanza. Wengine wabebe."

Adelaïde aliinuka sasa, akamtazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kata shauri.

"Wengine nani? Shingo yako njo wanangojea. Kule batoto wanakula mizizi. Mufereji nitachimba miye. Jembe haijue kama aliyeishika ni mwanamuke ao mwanaume."

Kesho yake wanaume wa Kabingo waliondoka. Sebahire alikuwa mbele, kikapu cha mbegu juu ya gunia la mihogo, vyote juu ya kichwa kimoja. Mbonigaba aliwasindikiza hadi mtoni. Adelaïde alibaki mlangoni na Anne mgongoni, na Sebahire hakugeuka, kwa sababu mwenye mzigo kichwani hageuki. Jambo hilo, baadaye, alilifikiri miaka mingi.

Walishuka kwa siku kadhaa, kutoka baridi ya vilima hadi joto la mwitu, wakivuka vijito vilivyokuwa vimegeuka mito. Lubonga hakukuwa na kijiji. Kulikuwa na uwanja wa matope, na vigogo vya miti vilivyolala ovyo, na watu waliosimama kwenye kilima kidogo wakiwatazama wanaokuja bila kuamini. Mkubwa wao alikuwa Grégoire, mtu mrefu mwenye ndevu nyeupe chache, aliyepoteza kaka na wajukuu usiku ule wa maji. Alipokea mizigo mmoja mmoja, akigusa kila kitu kwa mkono. Alipofika kwenye kikapu cha Adelaïde akaingiza mkono ndani, akainua maharage, akayaangalia.

Aliuliza mbegu hizi ni za nani. Sebahire akajibu kwamba ni za mke wake, Mama Mbonigaba.

 Grégoire aliwaambia wenzake kwa lugha yao, na wanawake waliokuwa karibu wakasogea kuzitazama zile mbegu. Kisha akasema na Sebahire, polepole, ili asipoteze neno:

"Papa Mbonigaba, utamuambia hivi. Tumekula kwa mukono yake, na hatujaona uso yake."

Wanaume wa Kabingo walikaa huko kidogo, wakasaidia kuondoa vigogo na kufungua mashamba. Waliona jinsi watu wa Lubonga walivyowatafuta wafu wao ndani ya matope: kwanza wanatoboa njia ya maji yatoke, kisha wanalaza miti ya kukanyagia, kisha wanachimba kutoka pembeni, polepole, kwa mikono. Sebahire alichimba pamoja nao. Kisha wakaanza kupanda kurudi kwao. Njia nzima alirudia maneno ya Grégoire kichwani, maana hakuwa hodari wa maneno na hakutaka kuyaharibu. Wenzake walimtania kwamba leo anatembea bila mzigo lakini bado amekaza shingo.

Alipofika kwenye mgongo wa kilima cha mwisho, pale ambapo mtu huona nyumba yake ikiwa bado mbali, aliona rangi nyekundu.

Kilima kilikuwa kimekatika. Upande wa chini wa Kabingo, kutoka karibu na kanisa hadi mtoni, ngozi yote ya majani ilikuwa imevuliwa, na udongo mwekundu ulikuwa umelala juu ya mahali pa nyumba kama mtu aliyelala usingizi mzito. Evode, jirani yake wa upande wa juu, alikuwa amekaa njiani. Alikuwa akija kukaa pale kila siku kuwangojea, ili wasikutane na jambo lile peke yao. Alimshika Sebahire mkono, akamwambia.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima. Watu walimwona Adelaïde nyuma ya nyumba, akichimba mfereji, mtoto mgongoni, nguo zimeganda mwilini. Evode mwenyewe alimpigia kelele apumzike, naye akajibu kwamba anakaribia kumaliza. Mchana mvua ikakatika na jua likatoka. Watu wakafurahi wakatoka nje kuanika nguo. Ndipo kilima kikaja. Hakikupiga kelele nyingi, Evode alisema. Kilikuwa kama ng'ombe wengi wanaoshuka kunywa maji. Nyumba zote za chini zilikwenda pamoja na waliokuwa ndani yake, na Mbonigaba, ambaye hakuna aliyejua alikuwa wapi saa ile, hakuonekana tena.

Sebahire alikimbilia kwenye udongo. Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Udongo ulikuwa bado unatembea, na kila alipochimba ulirudi kujaza. Wanaume walimvuta nje kwa nguvu. Mtu aliyetumwa na shefu, mtawala wa vilima vile, alikuwa amekwisha kukataza watu kushuka pale, kwa kuogopa kilima kisije kikamalizia wengine. Padri alikuja akasema misa kando ya udongo, akaubariki wote kama kaburi moja. Kwa watu wengi hiyo ilitosha. Sebahire haikumtosha.

Alikaa kwa Evode. Mke wa Evode, Vestine, alimpa kona ya nyumba na mkeka. Misaada ilianza kufika Kabingo, maana habari mbaya ina miguu. Wahunde, majirani wa kilima cha ng'ambo, walileta mihogo na mboga, nao wenyewe walikuwa wamepoteza mashamba kwa mvua ile ile. Wachungaji wa upande wa Kitshanga walileta maziwa. Misheni ilileta mablanketi. Sebahire alikula alichopewa na kujifunika alichopewa, bila kusema asante. Hakuna aliyemlaumu. Watu walipotaka kumwita walisita, kwa sababu jina walilozoea kumwita lilikuwa la mtoto aliyekuwa chini ya udongo. Wakaanza kumwita Sebahire tu, kama alivyoitwa alipokuwa kijana, na kila alipolisikia lilikuwa kama mtu anamwambia kwamba ile miaka yote haikuwa.

Watu walidhani analia moyoni tu. Alikuwa pia na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya Adelaïde. Hakuweza kumwambia mtu. Alikaa chini ya ukuta wa Evode akibishana naye kimoyomoyo: nilikuambia nichimbe kwanza. Nilikuambia wengine wabebe. Ulikuwa na nini na watu usiowajua? Kisha akamwona tena, msichana mwenye kibuyu, akigeuka kumpa bibi kizee nusu ya uji, na hasira ikakosa pa kwenda, kwa sababu alijua kwamba alimpenda kwa jambo lile lile.

Wiki zilipita. Siku moja watoto walikuja kusema kuna wageni wanapanda kutoka mtoni. Walikuwa watu wa Lubonga, wanaume na wanawake, miguu imekatwakatwa na mawe ya vilima wasivyovizoea, wanatetemeka kwa baridi. Mbele alikuwa Grégoire. Wapagazi wa Walikale walikuwa wameishusha habari ya Kabingo kama walivyoipandisha ya Lubonga. Waliingia uani kwa Evode, wakatua mizigo: mikeka ya mwitu waliyoisuka wenyewe, chupa ya mawese, samaki wachache waliokaushwa. Cha mwisho Grégoire aliweka kikapu kidogo, akakifunua.

Yalikuwa maharage mekundu, ya manjano, na meusi yenye madoa meupe.

Sebahire alisimama.

"Hii maharage ni ya bibi yangu."

"Njo yake," Grégoire akasema. "Nusu tulipanda. Nusu tuliweka kwa musimu ingine. Hatuna na kitu ingine, Papa Mbonigaba. Maji ilibeba yote."

Jina lile halikuwa limetajwa tangu kilima kikatike. Vestine alifunika mdomo. Sebahire alikifunika kikapu.

"Muirudishe," akasema. "Kitu alitoa haiwezi kurudi kwa nyumba yake. Nyumba yenyewe haiko."

"Hatukuje kurudisha. Tumekuja kutoa."

"Kama maji haingewapata, miye ningekuwa hapa. Mufereji ningechimba miye." Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa hiyo kila mtu alisikia. "Mukule maharage yenu. Muniache."

Evode alitaka kuingilia, aone haya kwa niaba ya kilima, awaombe wageni radhi. Grégoire alimzuia kwa mkono. Hakujitetea. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, miguu yake iliyovimba mbele yake. Wenzake nao wakakaa. Walikuwa watu waliopoteza watoto, na hawakuogopa kukaa karibu na mtu aliyepoteza watoto.

Baadaye Grégoire akauliza, "Yeye iko wapi?"

"Chini ya ule udongo."

"Hamujamutoa?"

Evode akaeleza habari za udongo kutembea, na mtu wa shefu, na baraka za padri. Grégoire alisikiliza mpaka mwisho. Akawaambia wenzake maneno machache kwa lugha yao, nao wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeahidi kitu.

Asubuhi, Sebahire alipotoka nje hakuwaona uani. Aliwaona chini, kwenye udongo mwekundu. Walikuwa wamekata mianzi na kuilaza kama daraja. Wanawake walikuwa wanatoboa njia ya maji upande wa mtoni, na maji mekundu yalikuwa yameanza kutoka, na udongo ulikuwa umeacha kutembea. Wanaume walikuwa wanaingia kutoka pembeni, polepole, kama walivyofanya kwao. Watu wa Kabingo walisimama juu wakitazama. Kisha Evode akashuka. Kisha Mama Mukashema, na umri wake wote, akashuka na chungu cha kuchotea matope. Kufikia mchana watu wote wa kilima walikuwa chini wakichimba, na mtu wa shefu alipofika kukataza aliangalia, akavua kofia, akakaa juu ya jiwe.

Sebahire alishuka wa mwisho.

Walichimba siku ile na zilizofuata. Waliwapata majirani, mmoja hapa, mwingine pale, na kila aliyepatikana ndugu zake walimtambua kwa nguo au kwa bangili. Adelaïde walimpata nyuma ya nyumba, ndani ya mfereji aliokuwa amechimba, na mfereji ulikuwa umekwisha. Anne alikuwa mgongoni mwake, amefungwa vizuri, fundo la nguo bado limekazwa.

Watu walisogea nyuma. Grégoire aliomba maji safi. Alipiga magoti, akaosha matope usoni mwa Adelaïde kwa kiganja chake, taratibu, paji la uso, macho, mdomo. Alipomaliza alimtazama kwa muda, kisha akasimama na kumpisha Sebahire.

Sebahire aliinama karibu na sikio la mke wake. Maneno aliyoyabeba kutoka Lubonga yalikuwa bado kichwani, hayajaharibika. Alimwambia yote, bila kukosea. Hapo tu ndipo alipolia, kilio kikubwa kisichokuwa na aibu, na wanaume wa Lubonga walimshika pande zote mbili ili asianguke.

Waliwazika katika mikeka iliyoletwa kutoka mwituni. Ilikuwa imesukwa kwa ajili ya walio hai, walale juu yake. Mbonigaba hakupatikana. Walichimba kuelekea mtoni, kuelekea shamba, kuelekea njia ya mbuzi. Siku ya mwisho Grégoire alikuja kwa Sebahire akamwambia kwamba wameshindwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha. Sebahire alimshika mkono kwa mikono miwili. Hakusema asante. Alimwambia watu wake wavae mablanketi ya misheni wakati wa kushuka, maana kwenye mgongo wa kilima baridi ni kali, wayarudishe siku yoyote au wasiyarudishe.

Maharage yalibaki Kabingo. Vestine aliyagawa kwa nyumba zilizopoteza mashamba, kiganja kwa kiganja, na yakapandwa. Sebahire hakupanda msimu ule.

Serikali ilitaka kuwahamisha watu wa chini, ikawaonyesha ardhi nzuri upande wa Kitshanga. Wengi walikwenda. Sebahire alikataa, na alipoulizwa sababu alisema kwamba mtoto wake hajatoka bado. Walimwacha. Alijijengea kibanda juu, karibu na Evode, akarudia kulima. Majani yalirudi juu ya udongo mwekundu, kisha vichaka. Mchungaji mmoja aliomba kulisha ng'ombe pale. Sebahire alimkatalia kwa upole, na mchungaji, baada ya kuambiwa na watu, alileta maziwa mlangoni kwake, akaondoka.

Walimletea wanawake wa kuoa. Alishukuru, hakuoa. Mara moja, katika kiangazi, alishuka Lubonga bila mzigo wowote. Grégoire alikuwa amezeeka. Mke wa Grégoire alimpikia, na Sebahire akala, wakakaa mlangoni wakitazama mto ambao ulikuwa mdogo na mzuri kana kwamba haujawahi kumdhuru mtu. Hakuna aliyezungumza habari za wafu. Aliporudi Vestine alimwuliza walisema nini, akajibu kwamba hawakusema kitu, na kwamba ilikuwa vizuri.

Mwaka wa 1957, katika kiangazi, moto ulikula kijiji kimoja ng'ambo ya Kitshanga pamoja na maghala yake. Papa Védaste, sasa macho yake yamefifia na anasoma Injili kwa kukumbuka tu, alisimama tena mbele ya watu akaomba. Watu waligeuza macho yasimwangukie Sebahire. Yeye alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, na wengi walisema moyoni kwamba ana haki.

Alirudi mchana na kikapu cha maharage. Ilikuwa nusu ya alichovuna. Alikiweka kati ya mizigo mingine.

Papa Védaste alimtambua kwa hatua zake. Akamwambia kwamba mizigo ni mingi, na shingo kama yake haijazaliwa tena Kabingo.

"Kutoa nitatoa, Papa," Sebahire akasema. "Kubeba, mutafute mwingine."

Mzigo ule ulichukuliwa na Sebarenzi, mwanaume aliyeoa karibuni na aliyejenga nyumba kando ya kisima. Sebahire alimsaidia kuinua. Alimrekebishia ngata, akaweka kikapu katikati, akakitikisa kuona kama kimekaa. Kisha akamwuliza mke wake yuko wapi. Sebarenzi akajibu kwamba yuko nyumbani, na mimba imekuwa kubwa. Sebahire akamwambia aende tu.

Aliwatazama wapagazi hadi walipopotea nyuma ya mgongo wa kilima. Halafu hakurudi kwake. Alikwenda hadi kando ya kisima, akabisha hodi, akamwambia mke wa Sebarenzi kwamba amekuja kukaa kidogo, asibaki peke yake. Mwanamke yule alikuwa mgeni kilimani na hakujua habari nyingi, lakini aliona uso wake, akamtolea kiti nje. Sebahire akakaa. Alipasua kuni, akachota maji, jioni akala alichopewa. Kesho yake akaja tena, na siku iliyofuata, mpaka siku watu waliposikia wapagazi wakiimba wakishuka kutoka Kitshanga, naye akainuka, akaaga, akaenda zake kabla mwenye nyumba hajafika.